Nguvu za Kiume: Pima Sukari na Presha Kabla ya Kununua Tembe

Wanaume wengi hufanya upungufu wa nguvu za kiume kuwa siri, kisha hununua tembe kimyakimya. Tatizo hili hutibika, na huenda likawa dalili ya ugonjwa mwingine. Wakazi wa Taita Taveta wanashauriwa kufika katika kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Voi.

Chanzo ni nini?

Uume husimama unapojaa damu. Kisukari, shinikizo la damu na sigara huharibu mishipa inayopitisha damu hiyo. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo huathirika mapema. Tatizo hili linaweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka kadhaa. Pombe nyingi, msongo wa mawazo na baadhi ya dawa pia huchangia. Kushindwa siku moja kwa sababu ya uchovu si ugonjwa.

Matibabu yaliyopo

1. Kudhibiti sukari na presha, kuacha sigara, kupunguza pombe na kufanya mazoezi.
2. Ushauri nasaha, ikiwezekana pamoja na mke.
3. Tembe. Sildenafil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1998, humezwa takriban saa moja kabla ya tendo la ndoa. Tadalafil inaweza kufanya kazi hadi saa 36. Tembe hizi husaidia damu kupita, hazileti hamu.
4. Tembe zisipofaa, daktari bingwa anaweza kupendekeza pampu maalum, sindano au upasuaji wa kuweka kifaa ndani ya uume.

Tahadhari

Anayetumia dawa za naitreti za maumivu ya kifua asimeze tembe hizi kamwe: presha inaweza kushuka ghafla na kusababisha kifo. Unga au vidonge vinavyouzwa kama "dawa asili" wakati mwingine huchanganywa na sildenafil bila mnunuzi kujua. Uume ukisimama kwa zaidi ya saa 4, nenda hospitalini mara moja.

Usiache dawa za presha kwa kuhofia nguvu za kiume. Mweleze daktari, naye anaweza kukubadilishia. Unapoenda kliniki, beba dawa zote unazotumia, zikiwemo za miti shamba. Mazungumzo yako na mhudumu wa afya ni siri.