Kikao kazi kimenigeuza mpishi

*Shangazi, mimi ni mhasibu katika shirika moja hapa Mwanza, nina miaka 31. Kila mwaka ofisi yetu hukodi nyumba ufukweni upande wa Sengerema, tukajifungia siku nne, Alhamisi hadi Jumapili, kuandaa mpango kazi na bajeti. Tuko 14, wanawake ni watatu. Mwaka wa kwanza nilijitolea kupika sato siku moja, kwa kuwa mimi ni mtoto wa ziwani na wenzangu wengi wametoka mikoa mingine. Wakanisifia, na tangu hapo imekuwa sheria. Mimi na dada wa mapokezi tunaamka saa kumi na moja alfajiri kuandaa chai, tunapika mchana, tunapika jioni, na vyombo tunaoshea ziwani maana bomba la pale halitoi maji kila siku. Mwanamke wa tatu ni mkuu wa miradi, yeye haguswi. Mwaka jana bajeti ya idara yangu ilijadiliwa nikiwa nasonga ugali. Nilipoingia ilikuwa imeshapunguzwa.*

*Safari hii nina mtoto wa miezi saba, ananyonya. Meneja ameandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba sisi ni familia na hakuna udhuru. Jumapili kuna matembezi ya boti hadi kisiwani. Kwetu tulimpoteza mama mkubwa kwenye ajali ya meli ya MV Bukoba. Boti ndogo siwezi kupanda. Mume wangu anasema nisiende kabisa. Nisipokwenda nitaonekana mkaidi. Nikienda, najua nitakavyorudi. Nifanyeje? — Mama Mtoto, Nyakato*

Mwanangu, nenda, lakini usipike.

Naelewa mumeo ametoka wapi. Amekuona ukirudi umechoka, hana sababu ya kuipenda safari hiyo. Lakini kwenye nyumba ile ndiko fedha za mwaka mzima zinakogawanywa, na umeshaona kinachotokea mhasibu asipokuwa mezani. Ukibaki Nyakato mwaka huu, bajeti itapunguzwa tena, na safari hii watasema hukuwepo kwa hiari yako. Kiti chako kwenye kikao hicho ni sehemu ya kazi uliyoajiriwa kufanya. Jiko halimo. Kautoe mkataba wako uusome: sheria inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi, na sidhani utakuta sufuria humo.

Wewe ni mtu wa hesabu, basi tuzipige. Watu 14, milo mitatu, siku nne: ni sahani 168. Sato apalwe, atolewe matumbo, achanjwe, akaangwe. Dagaa wachambuliwe mchanga. Ugali wa watu 14 unataka mikono miwili yenye nguvu na mtu wa kushika sufuria. Halafu vyombo. Halafu kesho yake alfajiri chai, viazi na michembe. Kwenye mialo yetu na masoko ya samaki kila hatua ya kazi hiyo ina mtu anayelipwa: anayepakua mzigo, anayepara, anayeanika dagaa, anayekaanga. Hakuna mvuvi anayemwambia mama wa kupara samaki pale mwaloni kwamba sisi ni familia, para bure. Inakuwaje kazi hiyohiyo, ikihamia kwenye nyumba iliyokodiwa kwa fedha za ofisi, iwe ya bure?

Sitaki unielewe vibaya kuhusu kupika. Kumpikia mgeni sato wa kwenu ni heshima, na ulichofanya mwaka ule wa kwanza kilikuwa kizuri. Ulitoa zawadi. Wenzako wameigeuza zamu, na zamu hiyo wamewapa wawili tu kati ya watu 14, wote wanawake, na wote si wakubwa kicheo. Mkuu wa miradi ni mwanamke pia na haguswi, hilo umeliandika mwenyewe. Kwa hiyo mwenye jinsia ya kike na cheo cha kawaida ndiye anayeamshwa alfajiri. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi kazini, wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja, na jinsia imetajwa humo.

Sheria hiyohiyo ina mengine yanayokuhusu. Saa za kawaida za kazi ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Kati ya kumaliza kazi leo na kuanza kesho, mfanyakazi ana haki ya kupumzika saa 12 mfululizo. Kwa wiki ana mapumziko ya saa 24, na akifanya kazi katika mapumziko hayo ni kwa makubaliano, tena kwa malipo ya mara mbili ya mshahara wake wa saa. Wanaosimamia wenzao na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu wana utaratibu tofauti, lakini wewe na dada wa mapokezi hamko huko. Mkianza chai saa kumi na moja alfajiri na kumaliza vyombo saa tatu usiku, hizo ni saa 16. Hazipungui kwa sababu nyumba ina upepo mzuri na inatazama ziwa.

Kuhusu mtoto, kifungu cha 33 kinamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto wake wakati wa saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Haki hiyo haibaki ofisini mnapofunga mlango kwenda Sengerema. Una njia mbili. Ya kwanza ni kwenda na mtoto na mtu wa kumshika, mama yako au dada wa nyumbani, mkapewa chumba chenu. Ya pili ni kurudi nyumbani kila jioni. Zamani nisingekushauri hiyo ya pili, kwa foleni ya kivuko pale Kigongo. Lakini tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi liko wazi, kilometa kama 3 juu ya maji, unavuka kwa dakika chache. Kama nyumba haiko mbali sana na Busisi, omba usafiri wa jioni. Gari la ofisi litakuwepo, na mtoto wa miezi saba ni sababu tosha ya kuliwasha.

Jambo la vyombo kuoshewa ziwani limenitia wasiwasi kuliko yote. Wewe ni mtoto wa ziwani, unakijua kichocho. Konokono wanaokaa kwenye majani ya maji mafupi ndio wanaotoa vijidudu vyake, navyo vinapenya ngozi wakati umechutama majini unasugua sufuria. Huhitaji kunywa maji hayo wala kuogelea. Wanawake wanaofua na kuosha vyombo ufukweni wako katika hatari hiyo kila siku, na Mwanza ni miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa kwa miaka mingi na watafiti wa ugonjwa huu kwa sababu upo, na upo kwa wingi. Umeosha vyombo pale katika safari zaidi ya moja. Nenda kituo cha afya wewe na mwenzako, mpimwe choo na mkojo. Dawa ipo, ni prazikwanteli, na waambie unanyonyesha. Waonye pia wenzenu wa kutoka mikoa mingine wanaojirusha majini mara wanapoteremka garini.

Boti usipande, wala usiombe radhi. Kwa mtu wa kanda hii hofu hiyo ina tarehe. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, tukazika mamia, na wengine hawakupatikana hadi leo. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu kabisa na gati la Ukara. Kilikuwa kivuko cha kubeba watu 101, na waliokufa walizidi 220. Meneja, kama ametoka mkoa mwingine, anaweza kuliona ziwa kama mandhari ya picha. Mwambie kwa utulivu kilichotokea kwenu, mara moja, naye hahitaji maelezo zaidi ya hayo. Na wale watakaopanda, wewe mwenye daftari la fedha uliza kabla malipo hayajatoka: chombo kina leseni? Kuna jaketi la kuokolea kwa kila abiria, na litavaliwa tangu kuondoka? Utabiri wa hali ya hewa wa siku hiyo umeangaliwa? Kama jibu la swali moja ni hapana, fedha zisitoke.

Sasa namna ya kusema. Usianzie kwenye WhatsApp. Ukijibu hapo mbele ya watu 14 meneja atatetea heshima yake, na hoja yako itapotea. Anza na dada wa mapokezi. Huyu ndiye niliyemfikiria muda wote nilipokuwa nasoma barua yako, kwa sababu ukitoka jikoni peke yako, sahani zote 168 zinamwangukia yeye, na yeye hana elimu yako wala cheo chako cha kumkinga. Mtoke wote wawili. Kisha mwendee mkuu wa miradi, umweleze kama dada. Huenda hajui, huenda alijua akanyamaza. Vyovyote vile, sauti yake kwa meneja ni nzito kuliko yenu.

Ndipo uombe nafasi kwa meneja, ana kwa ana, ukiwa na karatasi moja. Mwambie hivi: "Kaka, nataka kikao hiki kifanikiwe. Mwaka jana bajeti ilijadiliwa mhasibu akiwa jikoni. Naomba mwaka huu tuweke mpishi na msaidizi wake kutoka palepale kijijini; gharama nimeziandika hapa. Naomba pia ratiba ioneshe muda wa kunyonyesha na saa ya kufunga kikao. Jumapili nitabaki nchi kavu." Nyamaza hapo, umwachie karatasi. Pata bei halisi kabla hujaenda: piga simu kwa mwenye nyumba, atakuwa anawajua akina mama wanaopika shughulini. Omba na barua rasmi ya safari yenye tarehe na mahali, kwa sababu lolote likitokea, karatasi hiyo ndiyo itakayoonesha kwamba ulikuwa kazini.

Akikataa, maombi hayohayo yaandike kwa barua na ubaki na nakala. Kama kazini kwenu kuna tawi la chama cha wafanyakazi, lipe nakala. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ina ofisi Mwanza, ila nina imani hamtafika huko. Mameneja wengi wa namna hii hawana ubaya, wamezoea tu chakula kutokea mezani.

Mumeo mpe ratiba, namba ya simu ya mwenye nyumba, na mwambie utalala wapi na nani. Mwambie pia kwamba hupiki. Nadhani ataondoa pingamizi lake.

Na wewe meneja unayesoma safu hii, uwe Mwanza, Musoma au Bukoba: ofisi nyingi huandaa safari za kujifungia. Fungua bajeti yako, na kabla hujaweka fedha ya boti, weka fedha ya mpishi.