Somo la Lugha: Ombi Hubebwa na Herufi Moja

Kwenye jumuiya ndogondogo za Wakatoliki huku Musoma, Bunda na Butiama, anayejua kusoma hupewa kitabu aongoze sala. Hapo hana shida. Shida huja pale kila mtu anapotakiwa kuomba kwa maneno yake mwenyewe. Wahitimu wengi wa kisomo hunyamaza, ati sala inataka Kiswahili kizito. Basi mama ana mgonjwa nyumbani, na wenzake wanaondoka bila kumwombea.

(Gazeti hili ni la wote. Ndugu Mwislamu naye asome, maana "sala" na "swala" ni neno moja lililotoka Kiarabu.)

Tazama maneno haya mawili:

Unatuombea.
Utuombee.

La kwanza linatoa habari. La pili ni ombi. Tumeondoa "na", kisha "a" ya mwisho imekuwa "e". Vivyo hivyo: unatulinda, utulinde, unatupa, utupe. Lakini vitenzi vilivyotoka Kiarabu, kama samehe na bariki, mwisho wake haubadiliki. Tunasema utusamehe, utubariki.

Mtoto unamwambia, "Lete maji!" Mzee unamwambia, "Naomba uniletee maji." Sala hupenda usemi huu wa pili, wenye heshima.

Mtaona pia "twakuomba". Msishtuke. Ni "tunakuomba" kwa usemi wa zamani. Ukipenda kusema "tunakuomba", sema, hujakosea.

Lugha ya sala yenyewe imebadilika sana. Mpaka miaka ya 1960 padri alisoma Misa kwa Kilatini, na wazee wetu waliitikia kwa kukariri. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965), Misa ikasomwa kwa Kiswahili. Hata neno "padri" ni la Wareno. Naye Mwalimu Nyerere wa Butiama, aliyebatizwa mwaka 1943, aliziandika Enjili kwa mtindo wa utenzi, zikachapwa mwaka 1996. Utenzi ni mtindo ambao Waislamu wa pwani walikuwa wameutumia kwa karne nyingi kusimulia habari za dini yao. Kila mmoja amechukua kwa mwenzake, na hakuna aliyedaiwa.

Haya, tuandike ombi:

Mungu Baba, jirani yetu amelazwa. Umponye, na watoto wake wapate chakula.

Limekwisha. Mtaje mwenye shida, sema shida yake, kisha omba. Ukirefusha mno, wenzako hawatajua waitikie wapi. Mwingine huomba mpaka uji wa watoto unapoa! Mwishoni shusha sauti, unyamaze kidogo, waitikie.

ZOEZI. Geuza habari hizi ziwe maombi:

1. Unatupa mvua.
2. Unawalinda wavuvi ziwani.
3. Mgonjwa wetu anapona.
4. Unabariki shamba letu. (Angalia mwisho wa neno!)

Kisha andika ombi lako mwenyewe, mistari miwili tu, umsomee mtu wa nyumbani kwa sauti.