SOMO: MTU MNENE NA BAISKELI



Msimu wa korosho ukifika, simameni kando ya njia hapa Mtawanya mtazame baiskeli zinazopita. Gunia la korosho lililojaa lina kilo 80, na kijana anayeliendesha hakosi kilo 60. Jumla ni kilo 140, wala hakuna anayecheka. Lakini mama mwenye kilo 110 akipanda baiskeli hiyo hiyo, peke yake, watoto hupiga kelele na watu wazima husema, "Utaivunja!" Hesabu hii ni ya shule ya msingi, nasi tunaikosa kila siku.

Nakiri kwamba mimi niliikosa mapema. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulikuwa na mwenzetu mwenye mwili mkubwa. Alasiri moja aliazima baiskeli ajifunze, nasi tukamzunguka tukicheka mpaka akaiacha. Tangu siku ile alikwenda shule ya mazoezi kwa miguu, huku sisi tukimpita na kumpigia kengele. Sikuwahi kumwomba radhi.

Basi tuitazame baiskeli yenyewe. Kinachobeba uzito kwanza ni upepo. Tangu Dunlop alipotengeneza tairi lake la upepo huko Belfast, mwishoni mwa miaka ya 1880, mpanda baiskeli huketi juu ya hewa iliyobanwa. Hewa ikipungua, tairi hulala, rimu hugonga mawe na mpira wa ndani hukatika. Mtu mzito hahitaji baiskeli ya ajabu. Ajaze upepo zaidi kuliko mtu mwepesi, na aukague mara kwa mara.

Pili ni spoku. Sehemu kubwa ya uzito huangukia gurudumu la nyuma, ndiyo maana Raleigh za zamani zilikuwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma. Spoku zikikazwa sawasawa hugawana mzigo. Moja ikilegea, jirani zake huchoka na kukatika. Mwambieni fundi azikaze kabla ya safari ya kwanza, na tena baada ya wiki chache. Baiskeli nyepesi za kisasa ni jambo jingine. Nyingi zimewekewa kikomo cha uzito, kwa hiyo ulizeni kabla ya kununua. Kwa njia zetu za mchanga mimi ningechagua ile nzito ya chuma, yenye kiti kipana cha springi. Fremu ya kike humfaa pia mwanamume ambaye ni vigumu kwake kuinua mguu juu. Hapo hakuna aibu yoyote.

Anayejifunza ashushiwe kiti mpaka nyayo zote mbili ziguse chini. Akishazoea, kipandishwe hata mguu ukaribie kunyooka pedeli ikiwa chini kabisa, magoti yatamshukuru.

Tukumbuke pia kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Tangu miaka ya 1960 vijana walivusha abiria kwa baiskeli kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine, na hapo ndipo jina la bodaboda lilipozaliwa. Watu wawili, na pengine mizigo yao, juu ya magurudumu mawili!

Mama mmoja wa kwaya yetu alikuwa ameacha kuja mazoezini. Magoti yalimuuma kwa kutembea, na baiskeli ya mwanawe ilikuwa imeegeshwa ukutani. Nilimweleza kwamba juu ya baiskeli mwili hubebwa na kiti, si magoti. Akanijibu, "Mwalimu, magoti nayaweza. Vicheko siviwezi." Tukaanza kujifunza jioni, nyuma ya kanisa, giza likiingia. Niliwakusanya vijana wa kwaya nikawapa kazi: mmoja ashike kiti kwa nyuma, wengine wafunge midomo. Alianguka mara mbili. Baiskeli haikuvunjika.

Jumamosi iliyopita alikuja saa tisa, mchana kweupe, akauliza pampu iko wapi.