SOMO LETU: UKOMUNISTI WA CHINA, NA NANI ALIYELIPA



Hapa Diaca jina la China si geni. Katika vita vya ukombozi, vilivyoanza tarehe 25 Septemba 1964, wakufunzi wa Kichina waliwafunza wapiganaji wa Frelimo kule Nachingwea, Tanzania. Msaada huo hatuukani. Lakini mfanyakazi asome pande zote mbili.

1. Kushika nchi. Chama cha Kikomunisti cha China kilianzishwa mwaka 1921. Kiliwavuta wakulima maskini kwa kuwaahidi ardhi ya makabaila. Tarehe 1 Oktoba 1949 Mao Zedong alitangaza Jamhuri ya Watu. Ardhi iligawiwa kweli, na makabaila wengi waliuawa. Haukupita muda, mkulima akanyang'anywa ardhi ile ile.

2. Njaa. Mwaka 1958 wakulima walitiwa katika jumuiya kubwa, wakala jiko moja. Wengi walitolewa mashambani kwenda kuyeyusha chuma, mazao yakaoza. Viongozi wa chini, kwa kuogopa adhabu, waliandika mavuno ya uongo. Serikali ikachukua nafaka kwa hesabu hiyo, ghala zikabaki tupu. Mwaka 1959 waziri wa ulinzi, Peng Dehuai, alieleza ukweli, akaondolewa kazini. Waliokufa kwa njaa hiyo wanakadiriwa kuwa kati ya milioni 15 na 45.

3. Chama cha wafanyakazi. Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza mwaka 1966, shirikisho la vyama vya wafanyakazi lilisimamishwa kwa miaka mingi. Mwaka 1982 haki ya kugoma ilifutwa katika katiba.

4. Kwetu. Mwaka 1977 Frelimo ilijitangaza chama cha Kimarx na Kilenin. Wengi walihamishiwa vijiji vya jumuiya, wengine bila hiari. Mwaka 1983, katika Operesheni Uzalishaji, watu walikamatwa mijini wakapelekwa Niassa, na wengine hawakurudi. Idadi si ya China, lakini mzizi ni mmoja: amri yashuka, jibu halipandi. Mwaka 1989 chama kiliiacha itikadi hiyo.

Fundisho: kilo zikiandikwa uongo, alalaye njaa ni yule aliyevuna. Kwa hiyo tulinde mizani, na tumlinde anayesema mizani si sawa.

Maswali ya kujadiliana:
(a) Kwa nini viongozi wa chini waliogopa kusema ukweli?
(b) Kazini kwetu, nani huandika hesabu, na nani huikagua?