Dondoo muhimu: Utumbo na ini lenye mafuta
Takriban asilimia 75 ya damu inayoingia kwenye ini hutoka katika utumbo na viungo jirani kupitia mshipa wa lango, kwa hiyo ukuta wa utumbo unapodhoofika, sumu za bakteria hulifikia ini na kuchochea inflamesheni, yaani mwitikio wa kinga unaojeruhi seli zilizokwisha kujaa mafuta. Maharage, kunde, mboga za majani na dona huwapa bakteria wenye manufaa nyuzinyuzi za kuchachua, ilhali soda na juisi za sukari hulifanya ini litengeneze mafuta zaidi. Mwenye uzito uliozidi hunufaika hasa akiupunguza taratibu kwa asilimia 7 hadi 10. Vidonge vyenye bakteria wa manufaa, licha ya matangazo mengi, havijathibitishwa kuwa tiba ya ini lenye mafuta.