Prosesa Inapokatizwa Kazi

Prosesa ya kompyuta hutekeleza amri moja baada ya nyingine. Hata hivyo, mambo ya dharura huzuka kazi ikiendelea, nayo ni ya aina mbili. Yatokayo nje, kama vile kubonyezwa kwa kibodi, huitwa ukatizo. Yazukayo ndani ya hesabu yenyewe, kama vile kugawanya kwa sifuri, huitwa mtego.

Mfano mwepesi ni prosesa ya Intel 8086, iliyotolewa mwaka 1978. Inapopokea ukatizo, kwanza humaliza amri iliyo nayo. Kisha huweka akiba katika kumbukumbu biti zionyeshazo hali yake, pamoja na anwani ya amri inayofuata, ili ijue pa kurudia. Halafu huzuia kwa muda ukatizo mwingine wa kawaida.

Kila tukio lina namba, kuanzia 0 hadi 255. Mwanzoni mwa kumbukumbu kuna jedwali la baiti 1024, ambamo kila namba ina baiti 4 zenye anwani ya programu ya kulishughulikia tukio hilo. Katika IBM PC ya mwaka 1981, kibodi ilipewa namba 9. Kwa kuwa 9 × 4 = 36, anwani ya programu yake ilisomwa kuanzia baiti ya 36. Mtego nao hupitia jedwali hilohilo; kosa la kugawanya lina namba 0.

Mashine hutoa taarifa tu. La kufanya huamuliwa na mwandishi wa programu. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 ilirushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Sekunde zipatazo 37 tangu injini kuu kuwashwa, namba moja ilizidi 32,767, kikomo cha nafasi ya biti 16 iliyotengewa. Kosa lilinaswa, lakini kifaa cha kuongozea kilikuwa kimeagizwa kijizime likitokea kosa kama hilo. Kifaa cha akiba, chenye programu ileile, kilikuwa kimekwisha kujizima. Roketi ilipinda, ikavunjika na kulipuka. Hesabu iliyosababisha hayo haikuhitajika tena baada ya roketi kupaa.

Maswali

1. Anwani ya programu ya tukio namba 16 husomwa kuanzia baiti ipi?
2. Kwa nini kifaa cha akiba hakikuiokoa Ariane 5?