Maji Yachemke Mpaka Kesho, Floraidi Haitoki

Daktari, maji tunachemsha kila siku. Mbona meno ya watoto bado yanaota na madoa ya kahawia? (Barua za Usa River, Kikatiti na Ngaramtoni, nazijibu kwa pamoja.)

Kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi si kijidudu, ni madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano kuzunguka Mlima Meru, nayo haina rangi wala harufu. Tia chumvi kwenye sufuria ya maji, chemsha, kisha onja. Chumvi imekwenda wapi? Basi na floraidi ni hivyo hivyo: kinachopaa ni mvuke, madini yanabaki. Lita 2 zikikauka mpaka ikabaki 1, mtoto anakunywa floraidi ya lita 2 ndani ya lita hiyo 1. Kuna bibi aliniambia kwa fahari kwamba yeye huchemsha mara mbili, ili awe na uhakika!

Chujio la udongo halisaidii, vidonge vya klorini havisaidii. Hata hivyo msiache kuchemsha; kipindupindu hakijahama. Kinachopunguza floraidi ni chujio la mkaa wa mifupa, kama ule uliofanyiwa kazi miaka mingi pale kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mradi mkaa ubadilishwe ukichoka. Maji ya mvua nayo yana floraidi kidogo sana: mvua ya kwanza ioshe bati, inayofuata kinga kwenye tangi lenye mfuniko. Yasipotosha nyumba nzima, yawe ya kunywa na kupikia wenye umri chini ya miaka 8, kwa sababu meno yao ya ukubwani bado yanajengwa ndani ya ufizi. Jino likishatoka na madoa, kubadili maji hakulisafishi.

Na maji yapimwe maabara. Shirika la Afya Duniani linataka floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi Tanzania kwa miaka mingi tuliridhika na 4.

Magadi kwenye makande yana neno?

Yanalo. Magadi mengine ya Bonde la Ufa yamejaa floraidi. Loweka maharage usiku kucha, magadi uyasahau.

Basi tuache dawa ya meno yenye floraidi? (Mama wa Arusha, na baba wa Dar es Salaam aliyetumiwa ujumbe wa WhatsApp.)

Hapana, nyote wawili. Dawa inayopakwa juu ya jino na kutemwa si sawa na maji yanayomezwa kutwa. Baba, huko kwenu maji ya Ruvu yana floraidi kidogo na soda ni nyingi. Dawa hiyo ndiyo kinga ya mwanao. Chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele. 3 hadi 6, punje ya njegere. Mkamuaji awe mzazi. Mtoto ateme, asisukutue kwa maji mengi. Na hizo zenye ladha ya matunda zifichwe, zinalambwa kama peremende.

Mganga anasema mwanangu anaharisha kwa sababu ya meno ya plastiki. Ang'olewe?

Meno ya plastiki hayapo. Mpe ORS, mpeleke zahanati leo.

Kuna fundi anasugua madoa kwa msasa na ndimu.

Anakwangua ngozi ngumu ya jino, na hiyo haioti tena. Daktari wa meno anaweza kuyafifisha au kuyafunika madoa. Fundi huyo abaki na mbao zake.